Nimemtoa mwanangu chekechea, tunasomea nyumbani hapa Tanga. Nje niwapeleke wapi hawa wadogo?

MamaWawili_Tanga

Habari zenu wana jukwaa. Shikamooni wakubwa.

Niko Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya ngapi sitasema. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano na nusu, wa kike mitatu. Mwezi wa kwanza nilimwandikisha mkubwa shule moja ya awali (jina naliacha, sina nia ya kumharibia mtu riziki). Wiki ya sita mtoto anarudi na kazi za nyumbani kurasa nne. Herufi moja, ukurasa mzima. Saa mbili usiku bado yuko mkekani analia, kidole kimeota sugu ya penseli. Kukojoa kitandani alishaacha zamani, kukarudi. Baba yao akasema mtoe, nikamtoa.

Mimi ni fundi cherehani, mashine iko sebuleni, kwa hiyo kutwa nipo. Asubuhi tunakaa saa moja tu: silabi kidogo, kuhesabu kwa kokwa za ubuyu, hadithi moja, basi. Hapo nashukuru Mungu, anakwenda. Juzi kanisimamisha mbele ya mgeni anasoma maneno ya kanga niliyojifunga, na ilikuwa ya mafumbo, nikaona haya.

Shida yangu ni saa zinazobaki. Uani kwetu ni kipande cha sakafu na simtanki. Wakishinda ndani wanageuka paka ndani ya gunia. Nikiwatoa naishia kwenye mabembea, dakika ishirini wamechoka, wanadai barafu. Na mama mkwe hachoki kusema mtoto wa watu hafundishwi na cherehani.

Jumamosi nikasema leo twende baharini tukasome. Nikajipanga utafikiri naenda semina: daftari, penseli za rangi, maji, maandazi. Tumefika Sahare saa kumi jioni, bahari imejaa mpaka kwenye miti, hakuna hata pa kuweka mguu. Tumekaa juu ya ngalawa ya watu, tumekula maandazi, tumerudi. Daftari jeupe.

Wenye watoto wadogo mnaotoka nao, mnafanyaje? Naogopa miiba, naogopa maji, na bajaji kila siku siwezi. Halafu akifika umri wa darasa la kwanza naruhusiwa kuendelea naye nyumbani, au nitaitwa kwa mtendaji?

---

Kijana_wa_Chuda

Sisi enzi zetu kushinda Sahare saa za masomo kulikuwa kunaitwa utoro na kulikuwa na fimbo zake. Kumbe tulikuwa mbele ya wakati 😂

---

MjukuuWaMvuvi

Dada, kwanza pole, pili usijilaumu. Kosa lako ni moja tu: ulitazama saa ya ukutani, hukutazama mwezi.

Mimi nimekulia Sahare, babu alikuwa mvuvi, sasa hivi natengeneza mashine za boti. Watoto wangu wanne wote wamepita kwenye matope yale kabla hawajajua daftari. Nakuandikia kama nilivyofundishwa.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushei. Kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari imelala, haiendi mbali wala haiji karibu. Sasa shika hili: hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Ulikuta yamejaa saa kumi jioni maana yake ulikwenda siku ya bamvua yenyewe. Ungekwenda saa tatu asubuhi ile ile ungekuta uwanja mtupu wa mchanga na matope mpaka macho yachoke.

Tarehe za mwezi mwandamo unazo nyumbani, kalenda ya msikiti inatosha. Hesabu kuanzia tarehe 1 mpaka 4, na 15 mpaka 18. Ndizo siku zako. Katikati baki na cherehani yako. Mwanao mpe kazi ya kuchora mwezi kila usiku, duara moja kwenye karatasi, atajua mwenyewe lini mnakwenda. Wangu wa tatu alikuwa ananiamsha: baba, mwezi umejaa, kesho kutwa maji yatatoka. Ana miaka mitano. Wapo watu wazima na digrii zao wanaoshuka pwani hawalijui hilo.

Fika maji yakiwa bado yanatoka, si yameshatoka. Muwe mnayafuata kwa nyuma. Yakigeuka na nyinyi geukeni, usibaki hata kama mtoto amepata kaa wa dhahabu. Maji ya bamvua yanarudi kwa kasi na yanapita kwanza kwenye mikondo midogo nyuma yako, ukishtuka una kisiwa.

Sasa usikimbilie mbali. Anza na miti ile ile uliyoikuta imezama. Watu wanaita yote mikoko, lakini mwambie mwanao aangalie miguu. Mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu unatoa vijiti kutoka matopeni, mamia, kama penseli zimepandwa, ndiyo pua zake, kwa sababu matope yale hayana hewa. Mlilana vijiti vyake vinene, vimechongoka kama pia. Hiyo ni mitatu, kwa siku ya kwanza inatosha, ya nne na ya tano (msinzi, mkandaa) iacheni mwezi ujao.

Kisha chuma jani moja la mchu, ligeuze, mwambie alirambe. Usimweleze kitu. Mwache arambe. Ni chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani. Sijawahi kuona mtoto aliyeramba akasahau.

Na mkoko hauangushi mbegu kama mwembe. Mche unaota ukiwa bado juu mtini, unaning'inia mrefu kama tunda la mlonge, ukiiva unadondoka, na maji yakiwa yametoka unachoma matopeni na kusimama hapo hapo. Mkiokota ulioanguka, mpeni kila mmoja wake aupande, arudi kuutazama kila bamvua. Ila mti wenyewe usikatwe hata kijiti cha kuchezea, mikoko ni hifadhi ya serikali.

Kuhusu miguu: kandambili hazifai, zinabaki matopeni. Wavalishe raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Wasiingize mkono wala kidole kwenye tundu. Jiwe likiinuliwa lirudishwe lilivyokuwa, lina wapangaji chini yake.

Daftari liache nyumbani. Chukua ndoo nyeupe. Kila wanachotaka kukitazama kiingie ndani na maji yake, mkimaliza kinamwagwa palepale kilipotoka. Rangi nyeupe inakuonyesha kila kitu hata kamba mdogo asiye na rangi.

---

Nesi_Pongwe

Naongezea la kiafya, kwa kuwa MjukuuWaMvuvi ameshamaliza la bahari.

Baharini kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu. Mwiba wake unakatikia ndani. Bibi zetu walipaka utomvu wa papai, sibishani nao, lakini mtoto asikamuliwe kwa nguvu, na jeraha likianza kuvimba au ukikatikia karibu na kiungo, kituo cha afya. Akichomwa na samaki, iwe taa (yule bapa mwenye mwiba mkiani) au yule anayejifanya jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nusu saa mpaka saa na nusu. Yapime kwa mkono wako wewe mtu mzima kwanza, mtoto anaungua haraka. Sumu ya hao samaki haiwezi joto, ndiyo maana maumivu hupungua. Halafu hospitali, si nyumbani. Chupa ya maji ya moto kwenye kikapu haina uzito.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kwa watoto wadogo mkoa huu, mimi nina wasiwasi na dimbwi kuliko bahari. Kichocho kinakaa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyotulia, mabwawa, vijito, pembezoni mwa mito penye majani, kwa sababu konokono wake anaishi humo. Bahari haina kichocho. Kwa hiyo mkienda upande wa mto, watazame, wasiogelee. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka sita anakojoa damu, na mama yake anasema kila Jumapili walikuwa "wanapiga mbizi tu kidogo".

Na kofia. Saa nne asubuhi jua la Tanga si la mchezo.

---

Mwl_KKK

Nimefundisha darasa la kwanza miaka 22, naomba nijibu hilo la mtendaji maana wengi hulikwepa.

Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyefikisha miaka 7 na kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeshusha umri wa kuanza darasa la kwanza uwe miaka 6, na elimu ya lazima imekuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo mama, mwaka huu mtoto ana mitano na nusu, una nafasi yako ya kupumua. Akifika umri wake, mwandikishe. Usimfiche ndani ukafikiri cherehani itakutetea. Unaweza kumpata mwalimu mzuri shule ya kawaida tu ya mtaani, wapo, na mchana na Jumamosi zikabaki zako na bahari yako.

Sasa la kufundisha. Kinachotafutwa darasa la kwanza ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Anayesoma maneno ya kanga na kuhesabu kokwa ameshafika mbali. Kitu watoto wa mjini wanachokosa ni mkono. Wanashika penseli kama wanachoma mkuki, kwa sababu vidole havijawahi kufanya kazi. Kukamua matope, kufungua kifungo, kuokota kauri ndogo kwa vidole viwili, kusuka ukili, hiyo yote ni kuandika. Wewe ni fundi, mpe vifungo vya kutunga kwenye uzi. Wiki tatu tu, kisha niambie mwandiko wake.

Vitabu vya kiada vipo bure Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo hakikisha si toleo la zamani ulilorithi kwa jirani.

---

Kijana_wa_Chuda

Mwalimu 22 yrs na fimbo zangu ulizichapa wewe nini? Mbona unaandika vizuri hivi.

Ila serious, Mapango ya Amboni hamyataji? Ni kilomita kama 8 tu kutoka mjini.

---

MjukuuWaMvuvi

Amboni pazuri lakini kwa huyo wa miaka mitatu subirini. Ndani giza totoro, chini kunateleza, popo wanapita juu ya kichwa, kuna mahali mtu mzima anainama. Nilimpeleka wangu wa pili na miaka mitatu, kafika mlango wa kwanza kaning'ang'ania shingo mpaka tumetoka. Muongozaji amehadithia saa nzima, mimi nimesikia kilio tu. Alivyotimiza sita nikamrudisha, hakutaka kutoka. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na wazee wanasema pango linatokea Mombasa. Waliolipima hawakukuta hata linalofika kilomita moja, lakini hiyo usimwambie mtoto kabla hajaingia.

Kama mnataka nchi kavu, nendeni Tongoni, njia ya Pangani, kama kilomita 17. Magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, mbuyu, kivuli, bahari ipo pale pale. Mtoto anakimbia. Vasco da Gama alikwama kwenye fungu la upande ule 1498, akarudi mwaka uliofuata akaichoma moto meli yake mojawapo, São Rafael, kwa sababu mabaharia wamebaki wachache. Wangu hawakujali Mreno, walijali meli kuchomwa na mwenyewe. Waliuliza swali hilo wiki nzima: sasa kwa nini asiiuze?

Makaburini wavueni kelele, watu bado wanakwenda kuomba pale.

---

MamaWawili_Tanga

Jamani nimerudi na ripoti. Imenichukua siku kumi na mbili kwa sababu nilisubiri mwezi kama nilivyoambiwa.

Tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Tumepanda daladala asubuhi, si bajaji. Saa tatu tuko Sahare, maji yanatoka kweli, tunayafuata kwa nyuma. Niliona aibu: nimezaliwa Tanga, nina miaka thelathini na moja, sijawahi kutembea mahali pale pakiwa pakavu. Kwetu mtoto wa kike alikuwa hapelekwi.

Jani la mchu. Nimefanya kama ulivyosema, sikumweleza. Akaramba, akanitazama, akaramba tena, akasema "mama, nani ameutia chumvi?" Mdogo wake naye akachuma la kwake, la mti mwingine, akaramba, akalia kwa sababu halikuwa na chumvi. Ikabidi twende mti kwa mti. Yaani tumeramba majani nusu saa. Wavuvi wanatupita wanatuangalia, mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna chakula.

Ndoo nyeupe imefanya kazi kuliko daftari zote nilizonunua. Kiti cha pweza kimoja (yule mnyama wa umbo la nyota), kaa mwenye gando moja kubwa na jingine dogo, na kale kakaa kanakotembea ndani ya nyumba ya konokono. Hako ndiko kalikomaliza muda wote. Mkubwa wangu alilala kifudifudi matopeni, pua kwenye ndoo, hasemi. Huyu ndiye yule aliyeitwa "hatulii darasani". Nilihesabu, maana nilitaka kumwambia mama mkwe: dakika kumi na nane.

Mabaya nayo niseme. Nilisahau raba za mdogo, nikamvalisha kandambili, moja iko matopeni mpaka leo, nimembeba kurudi. Na nilichelewa kugeuka. Si sana, lakini ule mkondo mdogo tuliouruka asubuhi wakati wa kurudi ulikuwa umenifika magotini, nina mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na ndoo. Ndoo nikaiachia. Moyo ulikwenda mbio. MjukuuWaMvuvi, ulisema, nikaona unazidisha chumvi. Safari ijayo naweka alamu kwenye simu.

Tumepanda miche miwili ya mkoko. Wameifungia vitambaa vya masalio ya kushonea, mmoja wa zambarau mmoja wa maua, wasigombane ni wa nani.

Jioni mkubwa kachukua penseli mwenyewe. Kaandika KAA. Halafu kaniuliza kwa nini kaa wa baharini na "kaa kitako" vinaandikwa sawasawa. Sikuwa na jibu. Na kaa la moto je, akasema. Mwalimu, hilo nakuachia wewe.

Nesi, maji ya moto nilibeba. Tumeyanywea chai.

---

Mwl_KKK

Mwambie neno moja linaweza kuwa na watoto watatu wasiofanana, kama mama mwenye wanawe. Akikubali, mpe "paa" naye akakutafutie wangapi. Wa porini, wa juu ya nyumba, na wa kuruka kama ndege. Hiyo ni wiki nzima.

Vifungo umempa?

---

MamaWawili_Tanga

Nimempa. Ametunga vyote, pamoja na vya gauni la mteja nililokuwa nimemaliza nusu. Nimevitungua usiku.

---

Nesi_Pongwe

😂😂 Mama mkwe anasemaje?

---

MamaWawili_Tanga

Alisikia habari ya jani lenye chumvi akasema watoto wanadanganywa. Mjukuu kamletea moja, alilihifadhi ndani ya mkebe wa mafuta ya mgando. Karamba. Kanyamaza. Kisha kauliza bamvua ijayo ni lini, na kama kuna mahali pa kukaa, miguu yake haisimami sana.

---

MjukuuWaMvuvi

Mletee kigoda, pana kivuli cha mkungu karibu na zinapovutwa ngalawa. Nanyi msipite mkondo ule wa kati, pitieni kushoto kwake, ni juu zaidi. Mwezi ukiandama Alhamisi, njooni Jumamosi, saa tatu muwe mmeshashuka. Na ndoo yenu iliokotwa, iko kwa muuza pweza wa kwanza mkono wa kulia, mwambieni ni ile nyeupe.